Mkono Hukosea Pale Pale: Tahajia ya Kiingereza Katika Vibao vya Mkuyuni

Anayetoka katikati ya jiji la Mwanza kwa daladala kuelekea Nyegezi, akishapita Igogo, huingia Mkuyuni na kukuta pande zote mbili za barabara zimejaa maandishi. Kuna maduka ya spea, vinyozi, famasi, mafundi wa kuchomelea, bucha, maduka ya fotokopi, nyumba za wageni na vibanda vya juisi. Karibu kila mlango una kibao, na vibao vingi vimeandikwa Kiingereza, japo anayeuza na anayenunua watapatana bei kwa Kiswahili na pengine watamalizia kwa Kisukuma.

Vibao vya namna hii vimekuwa mada ya utani nchini kote. Mtu hupiga picha ya kibao kilichoandikwa “SALOON”, “STATIONARY” au “FLESH JUICE”, akaituma kwenye kundi la simu, na wenzake wakacheka. Mhadhara huu una hoja moja kuhusu kicheko hicho: wanaocheka hawajakitazama kibao vizuri. Makosa ya tahajia hayatawanyiki ovyo. Maneno yale yale hukosewa, na ndani ya neno moja herufi ile ile ndiyo inayoponyoka, awe mwandishi ni fundi wa vibao Mkuyuni, mwanafunzi wa kidato cha pili Butimba au karani wa London. Kosa linalojirudia mahali pamoja kwa watu wasiojuana lina sababu, na sababu zenyewe zinajulikana.

Duka lisilotembea

Mfano wa kwanza ni duka la fotokopi. Hapo huuzwa madaftari, kalamu, bahasha na rimu za karatasi, na watu hupaita steshenari. Neno hilo likiandikwa kwa Kiingereza lina njia mbili: “stationery” yenye e, yaani vifaa vya kuandikia, na “stationary” yenye a, yaani kitu kisichosogea. Mwingereza akiyatamka yote mawili, sikio haliwezi kuyatofautisha. Anayeandika kwa kufuata sauti anabahatisha, na kubahatisha huko hakuna uhusiano wowote na akili yake.

Historia inamtetea zaidi. Katika miji ya Ulaya ya zama za kati, wachuuzi wengi walitembea kutoka gulio hadi gulio. Muuza vitabu mwenye kituo maalumu, aghalabu karibu na chuo kikuu, aliitwa kwa Kilatini “stationarius”, mtu wa kituo. Kutoka hapo Kiingereza kilipata “stationer”, na bidhaa zake zikaitwa “stationery”. Maneno hayo mawili yana asili moja. Mkuyuni, ambako machinga hupita na kalamu mkononi huku mwenye fremu akimsubiri mteja ndani, tofauti iliyozaa neno hilo bado inaonekana kwa macho.

Dawa yake iko kwenye barabara ile ile. Kwa Kiingereza mwoka mikate ni “baker” na mahali pake ni “bakery”. Mwenye bucha ni “butcher”, na bucha yenyewe “butchery”. Muuza vyakula ni “grocer” na duka lake ni “grocery”, ingawa Tanzania grosari imegeuka mahali pa kunywea bia. Jina la mfanyabiashara huishia na “er”, duka huongeza “y”. “Stationer” anafuata mkondo huo huo. Aliyeweza kuandika “BAKERY” bila kusita tayari ana kanuni ya kuandika “STATIONERY”, ila hakuna aliyemwonyesha kwamba ni kanuni moja.

Kibao cha saluni kina kisa kingine. Neno la Kifaransa “salon”, sebule kubwa ya kupokelea wageni, liliingia Kiingereza kwa sura mbili. “Salon” ikabaki na wasusi na watengeneza nywele. “Saloon” ikawa ukumbi, ikawa baa ya Marekani ya enzi za wachunga ng’ombe wenye bastola, na kwa Waingereza ikawa pia aina ya gari dogo la abiria. Kiswahili kikalichukua neno, kikalipa irabu ya mwisho: saluni. Sasa mtu anayetaka kulirudisha kwenye Kiingereza anasikia “u”, na shuleni amefundishwa kwamba “u” ya Kiingereza mara nyingi huandikwa “oo”, kama katika “school”, “food” na “room”. Anaandika “saloon”. Kila hatua ya hoja yake ni sahihi, na bado neno limemtoka.

Sauti isiyo na herufi

Kiswahili kina irabu tano na herufi tano za kuziandikia. Mtoto akishazishika a, e, i, o, u anaweza kusoma gazeti kwa sauti hata kama maana ya baadhi ya maneno hajaijua. Kiingereza cha Uingereza kina sauti za irabu zipatazo 20, na alfabeti yake ina herufi za irabu zile zile tano. Hesabu hiyo haifungi. Herufi moja inalazimika kubeba sauti kadhaa, na sauti moja inahamahama kutoka herufi hadi herufi.

Inayosumbua kuliko zote ni ile sauti fupi na hafifu inayotoka mdomo ukiwa umelegea, ambayo wanaisimu huiita shwa. Ndiyo irabu inayosikika mara nyingi kuliko nyingine zote katika Kiingereza. Iko mwanzoni mwa “about”, katikati ya “separate”, na mwishoni mwa “calendar”, “teacher” na “doctor”. Herufi yake yenyewe haipo. Yoyote kati ya tano inaweza kuishikia nafasi. Ndiyo maana watu huandika “seperate”, “definate”, “calender”, “grammer” na “independance”. Ukiyachunguza maneno hayo utaona konsonanti zote zimetulia mahali pake. Iliyoteleza ni irabu ambayo sikio halikuisikia sawasawa.

Msemaji wa Kiswahili ana shida ya ziada hapa, na ana nafuu ya ziada. Shida ni kwamba amezoea kila irabu itamkwe wazi, kwa hiyo akiisikia sauti hafifu huigeuza kichwani iwe mojawapo ya zile tano, kisha huandika aliyoigeuza. Nafuu ni kwamba aliyelijifunza neno kwa jicho, kutoka kitabuni, anaweza kulisoma kimoyomoyo kwa Kiswahili: se-pa-ra-te. Akilisoma hivyo, ile “a” ya katikati haipotei. Wapo wanafunzi wanaokariri “Wednesday” kwa njia hiyo, wakiipitia d, n, e na s moja moja, na tarehe yao ubaoni haikosewi. Mzawa wa lugha hana njia hiyo ya mkato, kwa sababu neno lilimwingia kwa sikio miaka kadhaa kabla ya kuliona.

Konsonanti nazo zina mitego. Katika matamshi ya Kiingereza cha kusini mwa Uingereza, “r” inayofuata irabu bila irabu nyingine mbele yake haitamkwi. Ndiyo sababu Kiswahili kina famasi, neno lisilo na “r” yoyote, na ndiyo sababu kibaoni huonekana “PHAMACY” na “BABER SHOP”. Mwandishi ameacha herufi ambayo wala yeye wala mwalimu wake hajapata kuisikia.

Kisha ziko herufi pacha. Neno la nyumba za wageni, “accommodation”, lina herufi 13, na humo c ni mbili na m ni mbili. Wengi huandika “ACCOMODATION”, kwa m moja. Kiswahili nacho huandika konsonanti mbili zinazofanana mfululizo, kama katika mmea, mmoja na nne, lakini huziandika kwa kuwa zinasikika. Za Kiingereza hazisikiki. Ni makovu ya Kilatini: kiambishi “ad” kiligeuka “ac” mbele ya c, kikaacha c mbili, “com” ikakutana na “modus”, zikaacha m mbili. Asiyejua Kilatini hana pa kuyaonea makovu hayo. Kiswahili kilipoyachukua maneno ya aina hii kiliyafuta kabisa. “Committee” yenye herufi 9 ikawa kamati yenye 6, “account” ikawa akaunti, “office” ikawa ofisi.

Herufi zilizobaki baada ya sauti kuondoka

Mtu anaweza kuuliza: kulikoni lugha yenye vyuo, wachapaji na kamusi za kila aina iandikwe hivi? Jibu ni kwamba Kiingereza kiliandikwa kikiwa njiani, na maandishi yakasimama huku matamshi yakiendelea na safari.

William Caxton alifungua kiwanda cha kwanza cha uchapaji Uingereza, huko Westminster, mwaka 1476. Kabla yake kila mwandishi wa mkono aliandika kwa mujibu wa lafudhi ya kwao. Uchapaji ulianza kuzigandisha tahajia, lakini karibu wakati huo huo irabu ndefu za Kiingereza zilikuwa zinahama, mageuzi yaliyoanza karibu mwaka 1400 na kuendelea hadi karibu 1700. Kabla ya hapo neno “name” lilitamkwa kwa silabi mbili, karibu sana na vile Mswahili angelisoma: na-me. “Knife” ilianza na k iliyosikika, na i yake ilikuwa i kweli.

Hapo ndipo darasa la Mkuyuni linapoingia katika historia ya Uingereza. Mtoto anayeanza Kiingereza akakutana na “name” kwenye daftari, akasoma “na-me”, huchekwa na darasa zima. Matamshi yake yanakaribiana na ya Geoffrey Chaucer, mshairi mkubwa wa Kiingereza aliyefariki mwaka 1400. Mtoto amesoma kilichoandikwa. Waingereza ndio walioacha kukisoma.

Caxton mwenyewe aliongeza mkanganyiko. Alikuwa ameishi miaka mingi Bruges, na mazoea ya uandishi wa Kiflemi yanatajwa kuwa ndiyo yaliyoleta h katika “ghost”. Wasomi waliomfuata wakafanya makubwa zaidi. Wakitaka Kiingereza kionekane kina ukoo na Kilatini, walichomeka herufi ambazo hakuna aliyezitamka. “Debt”, yaani deni, ilitoka Kifaransa bila b; wakaitia b kwa heshima ya “debitum”. “Receipt” ikapewa p kwa heshima ya “recepta”. “Island” ikapewa s kwa kudhaniwa kuwa ina nasaba na “insula”, kumbe ni neno la Kiingereza cha kale lisilohusiana na Kilatini hata kidogo. Yaani herufi inayowatesa wanafunzi katika “island” ni kosa la tahajia la wasomi, lililozeeka hadi likawa sahihi.

Kiswahili kilipokutana na “receipt” hakikujali heshima ya Kilatini. Kilisikiliza, kikaandika risiti.

Samuel Johnson alipotoa kamusi yake mwaka 1755, yenye maneno kama 42,000, sehemu kubwa ya tahajia hizi zilikuwa zimeshakauka. Ng’ambo ya bahari, Noah Webster alichapisha kamusi yake mwaka 1828 na kuimarisha “color” na “center” mahali pa “colour” na “centre”. Ndipo msomaji wa Afrika Mashariki, aliyefundishwa kwa vitabu vya Kiingereza cha Uingereza na kukulia kwenye filamu za Marekani, akajikuta na tahajia mbili ambazo zote ni sahihi na mwalimu anayekubali moja tu.

Wenye lugha nao

Wazawa wa lugha hiyo hawajasalimika. Saini 6 za William Shakespeare zilizobaki zinatofautiana kwa tahajia, na hakuna hata moja iliyoandikwa kama jina lake linavyochapishwa leo. Mwezi Juni 1992 Dan Quayle, makamu wa rais wa Marekani, alikuwa katika shule moja ya mji wa Trenton, New Jersey, mwanafunzi alipoandika “potato” ubaoni. Mwanafunzi alikuwa amepatia. Quayle akamwelekeza aongeze e mwishoni, mbele ya kamera, na tukio hilo likamwandama katika siasa zake zote. Hata hivyo kosa lake lilikuwa na mantiki: wingi wa neno hilo, “potatoes”, una hiyo e.

Wamarekani wana hata mashindano ya taifa ya watoto kutaja tahajia za maneno. Yalianza mwaka 1925, na mshindi wa kwanza, mvulana wa miaka 11 kutoka Louisville, Kentucky, alishinda kwa neno “gladiolus”, jina la ua. Mashindano ya namna hiyo kwa Kiswahili yangeisha haraka, maana mshiriki angetaja silabi alizozisikia na kuketi.

Mwaka huo huo wa 1925 ulikuwa na umuhimu wake upande huu. Mkutano wa elimu uliofanyika Dar es Salaam ulizungumzia haja ya kusanifisha Kiswahili. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulichagua Kiunguja kiwe msingi, na tarehe 1 Januari 1930 ikaanza kazi Kamati ya Lugha ya Kiswahili iliyounganisha Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar. Kamati hiyo ilipitia vitabu vya shule na kuamua tahajia. Kabla ya hapo kila mmisionari aliandika kwa sikio la kwao. Kamusi ya Johann Ludwig Krapf, iliyochapishwa mwaka 1882, jalada lake linaiita lugha yenyewe “Suahili”.

Mwanza nayo ilionja hali hiyo. Enzi za ukoloni wa Kijerumani, mihuri ya posta na ramani ziliandika “Muansa”. Mjerumani alisikia z vizuri kabisa. Kwa alfabeti ya kwao, sauti hiyo ikiwa mbele ya irabu huandikwa s, na z husomwa “ts”. Aliandika alichokisikia kwa herufi alizokuwa nazo. Afisa wa Kijerumani aliyeandika Muansa na fundi wa Mkuyuni anayeandika “SALOON” wamefanya kazi ile ile.

Sikio la nyumbani

Kiswahili kimepunguza mitego lakini hakikuiondoa yote, kwa sababu wanaokiandika wengi wana lugha nyingine nyumbani. Kisukuma, lugha kubwa ya Mwanza na Shinyanga, hakina sauti r katika sauti zake za asili. Kuna l. Kwa hiyo “luhusa”, “balua” na “fulsa” hutoka kalamuni bila mwandishi kushtuka. Upande wa Mara, Wakurya hutaniwa kwa kuvutia r, hata kula chakula kukageuka kura. Na Uganda, katika Kiganda, l na r ni sauti moja yenye sura mbili: tahajia yao huweka r baada ya e na i, na l kwingineko. Huko tatizo la l na r limegeuzwa kuwa kanuni ya uandishi.

Sikio hilo la nyumbani ndilo linaloandika Kiingereza. “Grocery” hugeuka “GLOCERY”, na “fresh juice” hugeuka “FLESH JUICE”. Mkasa wa kibao hiki cha mwisho ni kwamba “flesh” ni neno halali la Kiingereza, lenye maana ya nyama ya mwili, na muuza maembe na mananasi hakukusudia kuuza juisi ya nyama. Kosa lilianza Usukumani, likapita kwenye Kiswahili, likatokea kwenye Kiingereza.

Sauti zilizotoka Kiarabu zina safari kama hiyo. Wengi hutamka dh kama z na th kama s, kwa hiyo huandika “zambi”, “zahabu” na “asubutu”. Lakini kosa linalofundisha zaidi ni lile la upande wa pili. Samani ni makabati, vitanda na meza. Thamani ni ubora au gharama ya kitu. Katika karakana za seremala si ajabu kukuta tangazo la “thamani za ndani”. Aliyeliandika hakuwa mzembe. Alishaonywa kwamba watu hukosea kwa kuandika s mahali pa th, akaogopa, akaweka th hata pasipohitaji. Kosa la namna hii hutokana na bidii. Katika Kiingereza ndilo linaloleta “truely” mwishoni mwa barua ya kuomba kazi, kwa mtu aliyekumbuka kwamba “true” ina e na hakutaka kuipoteza.

Kiswahili kina vyombo vya kuamua: Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, lililoundwa kwa sheria mwaka 1967, na Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotolewa mwaka 1981 na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kiingereza hakijawahi kuwa na baraza la taifa la kuamua tahajia. Kina kamusi za wachapishaji, na kila anayeandika amebaki na mazoea yake.

Rangi ikishakauka

Kazi ya kibao yenyewe inaeleza kwa nini kosa likishaingia halitoki. Fundi hupaka bati rangi nyeupe, huliacha likauke, kisha hupiga mistari miwili kwa chaki na rula ndefu. Halafu anahesabu herufi ili ajue kila moja itachukua nafasi gani. “STATIONERY” ina herufi 10 na “STATIONARY” ina 10, vipimo havitamwonya. Mteja ameleta neno kwenye kipande cha karatasi au kwenye simu, naye mteja amelinakili kutoka duka la jirani. Fundi akiwa na wasiwasi hunyanyua macho kuangalia kibao cha ng’ambo ya barabara, na kibao hicho kinamthibitishia kosa. Rangi ya mafuta ikishakauka, bei imeshalipwa, hakuna atakayeifuta kwa sababu ya irabu moja.

Mabango ya kisasa yanayochapwa kwa mashine yalitarajiwa kumaliza tatizo. Hayajamaliza. “Stationary” ni neno sahihi la Kiingereza, kadhalika “saloon” na “flesh”. Kompyuta inayokagua tahajia haitayapigia mstari mwekundu. Zaidi ya hapo, baadhi ya programu za kuandikia huweza kuwekwa ziruke maneno yaliyoandikwa kwa herufi kubwa tupu, na mabango karibu yote huandikwa kwa herufi kubwa. Mashine imelala pale pale inapohitajika.

Daftari la risiti la dukani ni mahali pengine pa kutazama kwa karibu. Mnunuzi wa mabati analipa Sh 40,000, na mwenye duka anatakiwa kujaza kiasi kwa tarakimu na kwa maneno. Kwa tarakimu hakosei. Kwa maneno anaandika “fourty thousand”, maana “four” ina u, “fourteen” ina u, “fourth” ina u. Kimantiki “forty” ndiyo iliyopotoka, na kwa karne kadhaa Waingereza wenyewe waliandika “fourty” kabla ya u kudondoka. Chini yake, akiandika kwa mkono kwamba fedha zimepokelewa, hutokea “recieved”. Hapo amechanganya njia mbili za kuandika sauti moja ndefu ya i: “ie” ya “believe” na “field”, na “ei” inayokuja baada ya c, kama katika “receive”, “receipt” na “ceiling”.

Kinachoweza kufanywa

Makosa haya hayana uzito mmoja. Saluni yenye “o” mbili haipotezi mteja. Msusi mzuri hujulikana mtaa mzima. Lakini mwanafunzi wa Tanzania husoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza hukuta fizikia, jiografia na masomo mengine mengi yamegeuka Kiingereza. “Government” ina n ambayo haisikiki, “environment” ina nyingine, “parliament” ina a iliyojificha, na maneno hayo atayaandika kila wiki kwa miaka 4. Kwake tahajia si jambo la somo la Kiingereza peke yake. Akiambiwa tu kwamba amekosea, na kupewa kazi ya kuandika neno mara 50, atatoka na mkono uliochoka na bila sababu yoyote ya kutokosea tena.

Kinachofaa ni kuyapanga makosa kwa chanzo. Kundi la kwanza ni irabu hafifu: “separate”, “calendar”, “grammar”, “definite”. Hapa mwanafunzi atafutiwe ndugu wa neno ambamo irabu inasikika wazi, kama “finish” kwa “definite”, au alisome neno kwa irabu za Kiswahili. La pili ni herufi pacha: “accommodation”, “committee”, “address”, “necessary”. La tatu ni herufi bubu: “Wednesday”, “government”, “debt”, “receipt”. La nne ni maneno yenye sauti moja na maana tofauti: “stationery” na “stationary”, “their” na “there”. La tano ni sikio la nyumbani: l na r, na kwa wengine s na th. Mwalimu akisahihisha daftari kwa makundi hayo ataona haraka kwamba mtoto mmoja ana tatizo la pacha tu, na mwingine la l na r tu, na kila mmoja atapewa zoezi lake.

Wenye maduka nao wana njia rahisi ambayo wengi hawaifikirii. Vifaa vya Ofisi, Saluni, Malazi, Famasi, Juisi ya Matunda: maneno haya kila mteja wa Mkuyuni anayasoma, na fundi wa vibao hawezi kuyakosea kirahisi. Anayeona Kiingereza kitampa hadhi, na aandike, ila alikague neno kwenye kamusi au kwa mwalimu wa shule iliyo karibu kabla ya kulipia rangi.

Kwa walimu wa Mkuyuni, Butimba na Nyegezi, na kwa wanachuo wanaojiandaa kuwa walimu katika Chuo cha Ualimu Butimba, ombi ni hili. Muhula ujao watoeni wanafunzi barabarani kwa kipindi kimoja, kila mmoja na daftari. Waandike maneno ya Kiingereza wanayoyaona kwenye vibao, yaliyopatiwa na yaliyokosewa, bila kutaja duka la mtu. Wakirudi darasani wasiulizwe nani amekosea. Waulizwe kosa limetokana na kundi lipi kati ya hayo matano, na kamusi iwe mezani.